Usukani wa Milimita Ngapi? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Stelingi ya Gari la Kispoti Kabla Hujatoa Pesa

Malalamiko ya waliobadilisha usukani ni yale yale. Mmoja kanunua wa milimita 320 kwa sababu ulipendeza pichani. Sasa mshale wa spidi ukifika 50 hauoni, na trafiki mwenye tochi hana habari na kilichomziba. Mwingine kachukua usukani wenye kina kirefu, yaani uliozama katikati, akaufunga juu ya kiungo kirefu (kiungo ni kile kipande kinachounganisha usukani na shafti ya gari), na sasa duara limemkaa kifuani, tena indiketa haifikii mpaka aachie mkono. Wa tatu ana usukani wa kampuni ya Nardi na kiungo chenye matundu ya boliti ya kampuni nyingine, Momo. Vyote viwili ni vitu safi, ila havifungani.

Wote walianza dukani. Kazi hii inaanzia ndani ya gari lako, gari likiwa limezimwa, wewe umekaa kwenye kiti chako na tepu mkononi.

Nikupe jibu la haraka ili usikae na kiu: kwa magari mengi ya Kijapani ya kispoti yanayozunguka huku kwetu, kama Impreza, Altezza, Chaser na MX-5, jibu huangukia kipenyo cha milimita 350, mara nyingine 360. Saizi ya 330 ina watu wake. Chini ya hapo, kwa gari la barabarani, mimi sishauri. Lakini usinunue kwa kusoma aya hii tu, kwa sababu 350 ya kina kifupi na 350 ya kina kirefu ni vitu viwili tofauti ukishakaa nyuma yake.

## Vifaa utakavyohitaji

Vya kupimia:

- Tepu ya kupimia yenye milimita
- Boksi nene (la televisheni au friji linafaa sana), kisu cha kukatia na kalamu
- Bikari, au uzi na msumari
- Tepu ya karatasi, ile wanayotumia wapiga rangi
- Mizani ya kuning'iniza, ya kupimia samaki au mizigo
- Simu yenye kamera
- Mtu mmoja wa kukusaidia
- Viatu unavyoendeshea kila siku

Vya kufungia, baadaye:

- Soketi (nati ya usukani kwenye magari mengi ya Kijapani ni ya 17 au 19)
- Spana ya kupimia nguvu, ambayo mafundi huiita toki renchi
- Alenki
- Gundi ya nati ya nguvu ya kati, ile ya bluu
- Kitabu cha ufundi cha gari lako, la mwaka wako hasa

## Hatua ya 1: Amua kama gari hili lina haki ya kubadilishwa

Kama usukani wako una eabegi, ukiutoa umeitoa eabegi yako. Hakuna usukani wa Momo, Sparco, OMP au Nardi wa kununua dukani na kufunga kwa boliti sita ambao utakurudishia mfuko huo.

Msimamo wangu: kama ni gari la kwenda kazini, la kupeleka watoto shule na kusafiri mkoani, na eabegi yake ni nzima, acha. Tafuta usukani wa kispoti wa kiwandani uliotoka kwenye toleo la juu la gari hilo hilo, wenye eabegi na plagi zinazolingana, au mpelekee fundi wa viti auvishe wa kwako ngozi mpya na kuunenepesha kidogo pale mikono inaposhika. Nusu ya wanaotaka usukani mdogo, ukiwasikiliza vizuri, wanachotaka ni usukani mnene usioteleza.

Ukaguzi wa pili ni wa sensa. Magari yenye mfumo wa kuzuia gari lisiserereke (VSC kwa Toyota, VDC kwa Subaru) yana sensa ya pembe ya usukani, na mara nyingi imekaa pamoja na ule mkanda wa nyaya unaojikunja nyuma ya usukani, ambao mafundi huuita klokspringi. Ukiitoa au ukiihamisha kutoka katikati yake, mfumo mzima unachanganyikiwa na taa zinawaka. Sensa hiyo lazima ibaki mahali pake, na kiungo utakachonunua lazima kiizungushe kama usukani wa zamani ulivyoizungusha.

Onyo: Kuna watu hufunga rezista ndogo kwenye plagi ya eabegi ili taa ya dashibodi izimike. Ina sababu yake: kwenye magari mengi, taa ile ikiwaka mfumo wote unaweza kujizima, pamoja na eabegi ya abiria na mikanda inayojikaza. Lakini rezista haimlindi dereva. Abiria wako ajue, mnunuzi wa kesho ajue, na kampuni ya bima iandikiwe. Badiliko usilolitaja ni kisingizio chepesi cha kukunyima fidia.

Umefaulu kama: unaweza kusema kwa nini gari hili linabadilishwa, na sababu yenyewe haihusu muonekano tu.

## Hatua ya 2: Pima ulionao

Usiamini namba ya kwenye intaneti. Pima kipenyo cha nje, ukingo hadi ukingo, ukipita katikati. Magari mengi ya kawaida yana kati ya 370 na 390. Kisha pima unene wa duara pale unaposhika. Mwingi ni karibu milimita 28 hadi 32.

Sasa kipimo ambacho karibu kila mtu hukiruka: kina cha jumla. Weka rula au mbao iliyonyooka juu ya uso wa usukani, ukingo hadi ukingo, halafu pima kutoka kwenye rula hiyo hadi kwenye kava la plastiki la nguzo ya usukani. Andika. Namba hii tutaiita A.

Mwisho pima umbali kutoka nyuma ya duara hadi kwenye kijiti cha indiketa, kisha cha waipa. Andika pia.

Umefaulu kama: una namba tano kwenye karatasi, na msaidizi wako akipima upya hamtofautiani zaidi ya milimita 3.

## Hatua ya 3: Kata usukani wa boksi

Hapa ndipo pesa yako inapookolewa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Chora duara tatu kwenye boksi: 360, 350 na 330. Ndani ya kila moja chora duara la pili kwa kutoa unene wa duara mara mbili. Yaani kwa usukani wa 350 wenye unene wa 30, duara la ndani ni 290. Kata, ubaki na pete tatu. Kama unajua mikono ya usukani unaoutaka (ile inayounganisha katikati na duara) imekaaje, iongeze kwa vipande vya boksi, kwa sababu mikono ya pembeni nayo huziba geji.

Kaa kwenye kiti kama unavyokaa ukiendesha kweli: viatu mguuni, mgongo umegusa kiti, kichwa kimepumzika. Watu wengi hapa hujinyoosha bila kujijua ili waone vizuri. Mwambie msaidizi akuchunge.

Bandika pete ya 350 juu ya usukani uliopo kwa tepu ya karatasi, katikati sawasawa. Washa swichi bila kuwasha injini ili taa zote za dashibodi ziwake. Sasa angalia: namba 50 inaonekana? Na 80, na 100? Mishale ya indiketa? Taa ya oili, ya joto, ya mafuta? Msaidizi ashike simu pembeni ya jicho lako na apige picha, maana picha haina upendo na usukani wowote.

Rudia kwa 360 na 330.

Usukani wa zamani bado upo chini ya pete, kwa hiyo unachokipima kwa uhakika ni kile kinachoonekana kupitia ndani ya duara. Kwa madereva wengi hicho ndicho kinachohesabika. Wale warefu wanaosoma geji kwa juu ya duara watapata nafasi kidogo zaidi ya inavyoonekana kwenye jaribio.

### Kwa nini milimita chache zinaziba sana

Ukitoka 380 kwenda 350, sehemu ya juu ya duara inashuka milimita 15 tu. Lakini geji ziko mbali zaidi na jicho kuliko usukani. Kama jicho liko sentimita 60 kutoka kwenye usukani na sentimita 85 kutoka kwenye geji, zile milimita 15 zinakuwa kama 21 kwenye uso wa geji. Hizo zinatosha kufuta mstari mzima wa namba.

Mpangilio wa geji nao una kesi yake. Kwenye Impreza STI za kizazi cha pili, geji ya mzunguko wa injini imekaa katikati na ya mwendo iko pembeni. Kinachoziba kwanza ni sehemu ya juu ya pembeni ya duara, na sehemu hiyo inakaa mbele ya spidi. Mwenye gari hilo akiambiwa “350 haina shida” na mwenye gari lenye spidi katikati, anaweza kudanganywa bila mtu yeyote kusema uongo.

Kuna magari yaliyozaliwa na usukani mdogo. Peugeot 208 ya mwaka 2012 ina usukani mdogo sana, lakini geji zake zimepandishwa juu ili dereva azisome juu ya duara. Toyota nao walipotengeneza GT86 waliipa usukani wa milimita 365 na kusema ndio mdogo kuliko wote waliowahi kuweka kwenye gari lao. Fikiria hilo: wahandisi waliokuwa na uhuru wa kupanga kiti, geji na nguzo upya, kwa gari la kispoti tupu, waliishia 365. Anayetaka kuweka 320 kwenye dashibodi iliyopangiwa 380 awe na sababu nzito.

Ikishindikana: shusha au pandisha nguzo kama inarekebishika, jaribu urefu wa kiti, halafu panda saizi moja juu. Neno “utazoea” usilikubali. Shingo inazoea kuinama, lakini jicho halizoei kuona kilichozibwa.

Umefaulu kama: bila kusogeza shingo unasoma kuanzia 0 hadi 120 na unaona taa zote za tahadhari.

## Hatua ya 4: Pima nguvu ya mkono

Usukani ni wenzo. Ukipunguza kipenyo, mkono unalipa. Ukianzia 380, ongezeko la nguvu ni hili:

- 360: karibu asilimia 6
- 350: karibu asilimia 9
- 330: karibu asilimia 15
- 320: karibu asilimia 19
- 300: karibu asilimia 27

Asilimia peke yake haisemi kitu mpaka ujue gari lako linadai nini sasa. Simamisha gari kwenye zege, injini ikiunguruma, matairi yamenyooka. Funga kamba kwenye duara upande wa kulia, pale saa 3, ning'iniza mizani, kisha vuta wima kwenda chini taratibu mpaka matairi yaanze kugeuka. Soma namba. Tuseme ni kilo 3. Zidisha kwa kipenyo cha zamani, gawanya kwa kipya: kwenye 330 itakuwa karibu kilo 3.5. Hiyo unaibeba bila kuhisi.

Gari lisilo na pawa stelingi ni habari nyingine. Mizani ikisoma kilo 12, usukani wa 330 utadai karibu 14, tena kila unapoegesha kwenye kichochoro cha Kariakoo na bodaboda amekubana nyuma. Kwa gari la namna hiyo baki 360 au zaidi.

Fanya na jaribio la pili: zima injini, acha swichi kwenye nafasi inayofungua loki ya usukani, handbreki juu. Vuta tena, na uisome namba hiyo kwa makini. Nguvu hiyo, au pungufu kidogo, ndiyo utakayohitaji siku injini itakapokuzimikia kwenye kona ya taratibu.

### Kinachorudi kutoka barabarani

Sheria ile ile inafanya kazi kinyume. Tairi likigonga shimo au likipita kwenye changarawe yenye mawimbi, msukumo unarudi hadi mkononi, na duara dogo linaufikisha ukiwa mkali zaidi kwa asilimia zile zile. Anayeendesha lami tupu hatausikia sana. Anayeishi mwisho wa barabara ya vumbi atausikia kila jioni.

Kuna na suala la wepesi. Kugeuza usukani wa 380 robo mzunguko, mkono wako unasafiri karibu milimita 298. Kwenye 330 unasafiri 259. Gia za stelingi hazijabadilika, matairi yanageuka pembe ile ile, ila mkono umefanya safari fupi. Ndiyo maana watu husema gari limekuwa “jepesi kugeuka”. Kwenye kona za Lushoto hilo ni raha. Kwenye mwendo wa 100 barabara kuu, chafya moja inaweza kukusogeza kwenye mstari wa mwenzako.

Na usitolee mfano Formula 1. Stelingi yao ina msaada wa haidroliki, na dereva hauzungushi usukani hata mara moja kamili. Gari lako linahitaji karibu mizunguko mitatu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Magari ya rali, yanayopigwa na mawe siku nzima, utayakuta mara nyingi na 350.

Umefaulu kama: unajua kilo ambazo usukani mpya utadai, injini ikiwaka na ikiwa imezimwa, na zote mbili unaziweza kwa mkono mmoja.

## Hatua ya 5: Kina, kifua, magoti na vijiti

Kina ni umbali kutoka pale boliti zinapofungwa hadi usawa wa duara. Usukani bapa una karibu sifuri. Wenye kina kirefu umezama katikati kama bakuli, milimita 80 hadi 100. Katikati ya hizo kuna chaguo nyingi za busara. Sparco R345, kwa mfano, ni 350 yenye kina cha 63.

Hesabu ni hii: sehemu ya kiungo inayochomoza nje ya kava la nguzo, jumlisha kina cha usukani. Linganisha na namba A uliyoiandika.

Tuseme A yako ni 140. Kiungo kinachomoza 75, usukani una kina cha 63: jumla 138. Umebaki pale pale, safi kabisa. Sasa chukua kiungo hicho hicho na usukani wa kina cha 95: jumla 170. Duara limekusogelea sentimita 3, na vijiti vimekukimbia sentimita 3. Ukiongeza kifungo cha kuchomolea usukani haraka, ambacho nacho kina unene wake, umeharibu kila kitu ulichopima. Ndiyo sababu kuna viungo vifupi. Vimetengenezwa kwa ajili ya hesabu hiyo.

Kipimo cha mwili ni rahisi. Mabega yakiwa yamegusa kiti, nyoosha mkono juu ya duara: kifundo cha mkono kilale juu ya ukingo. Viwiko vibaki vimekunjika ukishika saa 9 na saa 3. Kutoka kifuani hadi katikati ya usukani usiwe na chini ya sentimita 25.

Wenye miguu mirefu sikilizeni hapa. Nguzo ya usukani imelala kwa mteremko, kwa hiyo ukirefusha kiungo, usukani unakusogelea na pia unapanda. Kwenye nguzo yenye mteremko wa nyuzi 25, kila milimita 50 za urefu zinaupandisha karibu milimita 21. Mara nyingine dawa ya magoti ni kiungo kirefu kidogo, wala saizi ndogo haihitajiki. Ila ukipandisha, rudi hatua ya 3 na pete yako. Bandika vipande vya boksi nyuma yake ili ikae mahali pa kweli, uangalie geji tena.

Vijiti: kwa mikono mingi, nyongeza ya zaidi ya milimita 25 au 30 inamaanisha lazima uachie duara ili kupiga indiketa. Kuna vipande vya kurefusha vijiti. Vinafanya kazi, lakini mimi huviona kama ushahidi kwamba hesabu ya kina haikufanywa.

Umefaulu kama: unapiga indiketa kwa kidole huku kiganja kimeshika duara, na unakanyaga klachi hadi chini bila goti kugusa kitu.

## Hatua ya 6: Umbo na unene

Usukani uliokatwa bapa chini unasaidia mapaja, lakini kwenye gari la mizunguko mitatu mkono unaotafuta duara unakutana na pengo katikati ya kona. Kwa barabara, chagua wa mviringo.

Suedi inashika vizuri ukiwa na glavu. Kwa mikono mitupu na joto la pwani, inakunywa jasho na kung'aa kwa uchafu haraka. Ngozi laini inadumu. Mbao ni nzuri kutazama.

Mikono midogo, unene wa 28. Mikubwa, 32. Shika kabla ya kulipa.

## Hatua ya 7: Matundu na kiungo

Usukani mwingi wa namna hii una matundu sita. Tofauti iko kwenye duara yanapokaa matundu hayo:

- Momo, Sparco na OMP: milimita 70
- Nardi na Personal: milimita 74

Pima katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Tofauti ni milimita 2 tu kila upande, ndiyo maana fundi atakuambia “tunatanua kidogo”. Kataa. Tundu lililotanuliwa kwa tupa halikai sawa na boliti inacheza, na huo ni usukani, si kioo cha pembeni. Vipo viungo vyenye matundu ya aina zote mbili, nunua hivyo.

Upande wa pili wa kiungo ni meno yanayokaa kwenye shafti. Uliza kwa modeli, mwaka, na kama gari lilikuja na eabegi au la. “Cha Subaru” peke yake si jibu. Hakikisha pia nyuma ya kiungo kuna vipini vya kurudisha indiketa na vya kuzungusha klokspringi, pamoja na waya wa honi.

Umefaulu kama: kiungo kinaingia kwenye meno kwa mkono bila kulazimishwa, na boliti sita zote zinaanza kwa vidole.

## Hatua ya 8: Usiuziwe feki

Kwenye maduka ya spea ya Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) na Kisekka (Kampala), kote utauziwa usukani wenye jina kubwa kwa bei ya soda. Geuza nyuma kwanza. Usukani halisi una alama zilizogongwa kwenye chuma cha mikono. Wa Momo huwa na namba ya idhini ya Ujerumani inayoanza na herufi KBA, pamoja na tarehe. Kisha shika saa 9 na saa 3, kunja kama unavyovunja muwa, bila huruma. Ukingo ukilegea au ukilia, rudisha. Kuna siku utaushika hivyo hivyo gari likiwa kwenye mwendo.

Mtumba halisi ni bora kuliko mpya feki, mradi mikono haijapinda wala kuchomelewa.

## Hatua ya 9: Kufunga

Kama gari lina eabegi na hujawahi kufanya kazi hii, mpe fundi wa umeme wa magari anayeijua, wewe simama pembeni na mwongozo huu.

1. Nyoosha matairi, chomoa betri, subiri dakika 10. Watengenezaji wengine hutaja muda mfupi zaidi, ila kusubiri hakugharimu kitu. Mfumo hubaki na chaji hata betri ikitoka.
2. Toa eabegi na uibebe uso wake ukitazama mbali na mwili. Iweke chini uso juu. Usiipime na mita ya umeme kamwe. Mkondo mdogo unaweza kuilipua.
3. Legeza nati kubwa, lakini iache imeshika nyuzi chache. Usukani ukichomoka ghafla utakupiga usoni, na nati ndiyo itakayouzuia. Weka alama kwenye shafti. Vuta ukiyumbisha kushoto na kulia. Usigonge shafti kwa nyundo: nguzo imetengenezwa kujikunja kwenye ajali, nawe hutaki ianze leo.
4. Bandika tepu kwenye klokspringi isizunguke. Ikizunguka nje ya katikati, mkanda wake utakatika siku utakapopiga kona ya mwisho. Itoe tepu unapovalisha kiungo.
5. Weka kiungo, unganisha honi, kaza nati kwa namba ya kitabu cha gari lako. Magari mengi ya Kijapani hucheza kati ya Nm 35 na 50 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza kinachosomwa kwenye toki renchi).
6. Boliti sita ndogo: tone la gundi, zianze zote kwa vidole, kaza kwa kuruka upande hadi upande. Ni boliti ndogo, hivyo tumia alenki fupi na nguvu ya kifundo cha mkono, usitie bomba la kurefusha.

Umefaulu kama: duara halina mchezo hata kidogo ukilivuta na kulisukuma, na sauti pekee unayosikia ni kiti kikilia.

## Hatua ya 10: Jaribio

Gari likiwa limesimama, zungusha hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Sikiliza mkwaruzo nyuma ya kiungo. Piga honi katika kila pembe; honi inayolia upande mmoja tu ina waya uliobanwa. Washa indiketa, geuza, rudisha: ijizime yenyewe.

Kisha zunguka uwanjani kwa mwendo wa 20. Funga breki kwa nguvu ukiwa umenyoosha. Ukiona usukani umekaa upande kidogo wakati gari linakwenda moja kwa moja, usihangaike na meno ya shafti kama kosa ni dogo kuliko jino moja. Nenda kwenye alaimenti, usukani ushikiliwe ukiwa umenyooka, fundi arekebishe tairodi.

Baada ya kilomita 100 hivi, zipitie boliti sita kwa alenki. Moja ikizunguka, toa zote, safisha, tia gundi upya.

Wiki ya kwanza endesha njia unazozijua, mchana, bila abiria wengi. Mikono bado ina kumbukumbu ya duara kubwa na itageuza kupita kiasi.

Usukani wa zamani usiutupe wala kuuza. Funga skrubu zake kwenye mfuko, bandika kwenye mikono yake, weka eabegi uso juu mahali pakavu pasipo joto wala watoto. Siku ya kuuza gari, mnunuzi atauliza.